Habari potovu ni maradhi kwa familia iliyofiwa

MSOMAJI, gazeti likikosea bei ya unga, kesho yake hutoa masahihisho na mambo yakaisha. Lakini gazeti, redio au televisheni ikikosea juu ya kifo cha mtoto wa watu, masahihisho huja yakakuta kidonda kimekwisha kuchimbika. Watu wa nyumba hiyo hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: msiba wenyewe, na uongo uliozushwa juu ya msiba huo. Mzigo wa kwanza binadamu huweza kuustahimili, ingawa kwa taabu. Huu wa pili ndio aghalabu huleta maradhi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina faida katika mambo mengi, lakini penye msiba yaweza kuua. Leo nataka kukueleza kisa ambapo lililosemwa na nchi nzima halikuwapo, wala halikuja, na jinsi lilivyoitesa familia moja kwa karibu miaka 32. Ni kisa cha mbali, cha Australia. Nimekichagua kwa sababu kimechunguzwa na mahakama hadi mwisho, na ukweli wake umeandikwa rasmi. Kisha tutaangalia uongo wa namna hiyo hufanya nini mwilini, na familia ifanye nini yakiifika hapa kwetu Kenya.

Mtoto atoweka kambini

Usiku wa Agosti 17, 1980, Michael na Lindy Chamberlain walikuwa wamepiga hema karibu na mwamba mkubwa wa Uluru, katikati ya jangwa la Australia. Walikuwa na wavulana wao wawili, mkubwa akiwa na umri wa miaka 6, na binti mchanga wa wiki 9 aliyeitwa Azaria. Mama alimlaza mtoto hemani, akarudi penye moto ambako watu walikuwa wakipika. Punde kilio cha mtoto kikasikika. Mama alipokwenda kutazama alimwona dingo, mbwa-mwitu wa nchi hiyo, akitoka hemani. Mtoto hakuwamo tena.

Watu waliokuwa kambini walisaidia kumtafuta usiku ule ule. Wenyeji wa asili, ambao ni mahodari wa kufuata nyayo, waliona alama za dingo mchangani. Mlinzi mkuu wa mbuga hiyo alikuwa tayari ameonya kwamba wanyama hao walikuwa hawawaogopi watu tena. Baada ya wiki moja nguo za mtoto zilipatikana zikiwa na damu. Mwili wake haukuonekana kamwe.

Hakimu wa kuchunguza vifo alisikiza ushahidi huo na Februari 1981 akaamua kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Uvumi ulikuwa umeenea kiasi kwamba uamuzi huo ulitangazwa moja kwa moja kwenye televisheni, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika nchini humo. Nia ilikuwa kuzima maneno. Maneno hayakuzimika.

Jina, gauni na jeneza

Hebu tazama jinsi uvumi ulivyojengwa, kwa maana ndivyo unavyojengwa kila mahali. Michael Chamberlain alikuwa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Kwetu Kenya kanisa hilo ni la majirani zetu. Nenda Kisii au Nyanza Kusini siku ya Jumamosi uone. Lakini huko Australia Wasabato walikuwa wachache na watu wengi hawakuwajua. Mahali pa elimu pakajazwa na hofu.

Ikaandikwa kwamba jina Azaria lina maana ya kafara nyikani. Si kweli. Wewe uliyesoma Biblia ya Kiswahili unamjua Azaria, mmoja wa wale vijana watatu wenzake Danieli waliotupwa katika tanuru ya moto. Maana ya jina hilo kwa Kiebrania ni Mungu amesaidia. Mwandishi yeyote angeweza kulithibitisha hilo kwa kumwuliza mchungaji au mwalimu wa dini.

Ikasemwa kwamba mtoto alikuwa akivishwa gauni jeusi. Gauni hilo lilikuwapo kweli, lilishonwa na mama yake na kupambwa kwa utepe mwekundu, nalo lilikuwa vazi tu kama mavazi mengine. Ikasemwa pia kwamba nyumbani kwao mlikuwa na jeneza dogo. Nalo lilikuwapo. Mchungaji Chamberlain alikuwa akiendesha mafunzo ya kuwasaidia watu waache sigara, na jeneza lile alilitumia kuwaonyesha mwisho wa uvutaji. Kifaa cha elimu ya afya kiligeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi.

Kumbuka hilo, msomaji. Uvumi mbaya zaidi si ule wa uongo mtupu. Ni ule wenye chembe ya kweli iliyoondolewa mahali pake.

Uso usiokuwa na machozi

Lililomponza zaidi Lindy Chamberlain ni uso wake. Watu walimwona kwenye televisheni akizungumza kwa utulivu, wakasema mama aliyefiwa hawezi kuwa vile. Hapa ni lazima niseme kama daktari.

Hakuna kipimo cha huzuni usoni. Mtu anapopatwa na mshtuko mkubwa, ubongo waweza kuziba hisia kwa muda, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Atapokea wageni, atajibu maswali, hata atatoa maagizo ya mazishi, na watu watamshangaa kwamba ana moyo mgumu. Ganzi hiyo yaweza kudumu saa chache au wiki kadhaa. Wengine hulia mara moja, wengine hulia baada ya mwaka, wengine hulia wakiwa peke yao tu. Imani pia huchangia. Anayeamini ufufuo huweza kuyataja mapenzi ya Mungu kwa sauti iliyotulia huku moyoni akiungua.

Sisi wenyewe tunalijua hili. Ziko jamii zetu ambapo matanga bila mayowe ni aibu, na ziko nyingine, kama za Waislamu wa pwani, ambapo kupiga mayowe juu ya maiti kunakatazwa. Je, mama wa pwani anayelia kimya anampenda mwanawe kidogo kuliko mama wa bara anayegaragara chini? La hasha. Basi hata mwandishi wa habari hana haki ya kuandika kwamba mfiwa hakuonekana kuhuzunika. Ameona uso tu.

Damu ambayo haikuwa damu

Uchunguzi ulifunguliwa upya, na mwaka wa 1982 Lindy akashtakiwa kwa kumuua mwanawe ndani ya gari lao. Ushahidi mkubwa ulitoka maabara. Wapimaji walidai kupata chini ya dashibodi ya gari hilo damu ya mtoto mchanga.

Walijuaje kwamba ni ya mtoto? Mtoto akiwa tumboni, chembe nyekundu za damu yake huwa na hemoglobini ya namna yake, inayoweza kuvuta oksijeni kutoka katika damu ya mama. Baada ya kuzaliwa, hemoglobini hiyo hupungua polepole, na kufikia miezi 6 hivi huwa imebaki kidogo sana. Mtoto wa wiki 9 angali anayo kwa wingi. Kwa hiyo wazo la kuitafuta halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika kipimo chenyewe. Vipimo vya namna hiyo hudanganyika. Hata kile cha awali cha kutambua kama doa ni damu huweza kudanganywa na vumbi la shaba, na familia hii iliishi Mount Isa, mji wa migodi ya shaba.

Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1987 iliuvunja ushahidi huo. Iligundulika kwamba matone yaliyodaiwa kuwa damu ya mtoto yalitokana na dawa ya kupunguza kelele ambayo hupulizwa kiwandani gari linapoundwa.

Lakini ripoti hiyo ilikuja baada ya miaka 5. Wakati wa kesi, habari ya damu garini ilikuwa imetangazwa kila pembe kama jambo lisilo na shaka. Ni haki kusema kwamba waandishi hawakuipima damu hiyo wao wenyewe, wala si wao waliomtia mama huyo gerezani. Walakini walikuwa wamewaandaa watu kuamini. Maabara ilipokosea, kosa lilikuta mioyo iliyokwisha kuhukumu.

Gharama iliyolipwa na familia

Oktoba 29, 1982, Lindy alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na kazi ngumu. Mumewe alipewa kifungo cha nje kwa kudaiwa kumsaidia. Mama huyo alikuwa mja mzito. Alijifungua binti mwezi uliofuata akiwa kifungoni, na mtoto akaondolewa mikononi mwake. Aliachiliwa kwa dhamana kungojea rufani, na rufani iliposhindwa mwaka wa 1983 alirudishwa gerezani. Kwa jumla alikaa ndani karibu miaka 3, huku wavulana wake na yule mtoto mchanga wakilelewa bila yeye.

Februari 1986, watu waliokuwa wakitafuta mwili wa mtalii aliyeanguka kutoka mwamba wa Uluru walikuta koti dogo la mtoto karibu na mapango ya dingo. Lilikuwa koti la Azaria, lile lile ambalo mama yake alikuwa akisema mtoto alivaa, na ambalo waendesha mashtaka walitilia shaka kama liliwahi kuwapo. Siku chache baadaye alifunguliwa. Hukumu zao zilifutwa Septemba 15, 1988. Ndoa yao haikudumu. Waliachana mwaka wa 1991. Na kilio cha mama huyu juu ya dingo na mtoto wake kikawa mzaha wa kuchekesha watu katika televisheni ya Marekani.

Juni 12, 2012, hakimu wa kuchunguza vifo alitamka kwamba dingo ndiye aliyemuua Azaria, akawapa pole wazazi wake, na cheti cha kifo kikaandikwa upya. Kijana aliyekuwa na miaka 6 usiku ule alikuwa sasa mtu wa makamo.

Mwili hulipaje?

Wengine husema maneno hayavunji mfupa. Mwili hauoni hivyo. Mtu anapohisi kuwa katika hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka katika damu, tumbo husimamisha kazi yake na usingizi hutoroka. Ukikutana na nyoka njiani, mpango huo hukuokoa, na nyoka akienda zake mwili hutulia. Lakini anayesingiziwa gazetini hakutani na nyoka mara moja. Hukutana naye dukani, ndani ya matatu, kanisani na langoni mwa shule. Mwili haupati nafasi ya kutulia.

Hivyo mwenye shinikizo la damu hushangaa dawa yake haifanyi kazi kama zamani. Mgonjwa wa sukari hupanda vipimo ingawa hajabadili chakula. Mwenye vidonda vya tumbo huamka usiku kwa maumivu. Mara chache mshtuko wa ghafula hudhoofisha hata misuli ya moyo. Madaktari wa Japani waliueleza ugonjwa huo mwaka wa 1990, na dalili zake hufanana na za mshtuko wa moyo wa kawaida. Isitoshe, wengi hukimbilia pombe, jambo linaloongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Huzuni nayo hukwama. Kuomboleza ni kazi, na kazi hiyo inahitaji watu. Matanga yetu yana maana: majirani huja, hukaa, husema pole, hupika. Uvumi huwafukuza hao hao. Jirani huogopa kuonekana. Mfiwa hutumia nguvu zake kujitetea badala ya kumlilia aliyekufa. Shirika la Afya Duniani sasa linatambua kwamba huzuni iliyopitiliza miezi 6 kwa uzito wa kumzuia mtu kuendesha maisha yake ni ugonjwa unaohitaji matibabu.

Watoto huumia kwa njia yao. Mtoto wa miaka 5 huanza tena kukojoa kitandani. Wa miaka 9 huumwa na tumbo kila asubuhi ya shule. Wa miaka 14 hupigana na wenzake, au hunyamaza kabisa. Usimpe dawa za minyoo kabla hujamwuliza ameambiwa nini shuleni.

Yakikufika wewe

Kwanza, familia imchague msemaji mmoja. Awe mtu mwenye subira, mjomba au shangazi, si mama wala baba wa marehemu. Wengine wote wajibu kwamba aulizwe yeye. Ni vyema akatoa taarifa fupi iliyoandikwa.

Pili, waambieni watoto ukweli wenyewe, mapema, kwa maneno machache. Wakiambiwa na nyinyi watauliza maswali. Wakiambiwa na wenzao watanyamaza.

Tatu, msikae mkisikiliza habari hizo kutwa kucha. Mtu mmoja azisome na kuhifadhi kurasa, tarehe na saa za matangazo. Mfiwa hana faida ya kuzisikia mara 10 kwa siku.

Nne, takeni masahihisho. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri zisahihishwe au zifutwe. Mwandikieni mhariri barua, mkitaja kosa ni lipi na ukweli ni upi, bila matusi. Asipojibu, iko Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Mkitaka kushtaki kwa kuharibiwa jina, msilale. Sheria inaweka muda wa miezi 12.

Tano, mwone daktari. Usiache dawa zako za kila siku wakati wa msiba, kwani ndipo unapozihitaji zaidi. Ukikosa usingizi zaidi ya wiki 2, ukipungua uzito, au ukisikia maumivu ya kifua, usingoje matanga yaishe. Na mtu yeyote nyumbani akisema afadhali kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe msomaji je?

Familia ya Chamberlain haikuumizwa na waandishi peke yao. Uvumi ulihitaji masikio na midomo, na yalikuwa masikio na midomo ya watu wa kawaida, wanaokwenda kazini na kulea watoto wao. Leo ni rahisi zaidi, kwa maana kila mtu ana simu mkononi na anaweza kuitangazia nusu ya mji kabla chai haijapoa.

Basi kabla hujaipitisha habari ya msiba wa mtu, jiulize mambo manne. Nani amesema? Amejuaje? Wenyewe wamekwisha kuambiwa? Na ikiwa ni uongo, nani atakayelipa? Neno "inasemekana" lisikutosheleze. Penye ajali, usitaje jina wala kutuma picha. Yawezekana mke wa mtu huyo bado anamwekea chakula cha jioni. Na ukienda kuwapa pole waliofiwa, usiwaulize kama yaliyoandikwa ni kweli. Kaa nao, shika mkono, osha vyombo.

Vyombo vya habari vina kazi njema. Viko vilivyookoa maisha ya watu wengi kwa kuandika ukweli. Lakini dawa nzuri ikipewa mgonjwa asiye wake huwa sumu, na mwenye duka la dawa hawezi kusema alikuwa na haraka. Hali kadhalika habari. Ikiwa haijathibitishwa, ingoje. Familia iliyofiwa haina nguvu za kubeba kosa la mtu mwingine.